Tunaposafiri na watoto: tuwafanye wasafiri, si mizigo



Kila ifikapo mwezi wa Disemba, shule zinapofungwa, kituo cha mabasi hapa Maswa hubadilika sura. Watumishi waliohamishiwa kwetu kutoka Tanga, Pwani na Lindi hufunga mabegi kwenda kuwasalimia wazee wao. Wenyeji nao huwapeleka watoto kwa shangazi na wajomba waliohamia Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Wenye uwezo huondoka na gari lao, wengine hukodi Noah kwa kuchangishana, na walio wengi hupanda basi. Wote hao wanaikabili njia moja, ya zaidi ya kilomita elfu moja hadi Dar es Salaam, na ndani yake wamo watoto wa miaka mitatu, mitano na minane ambao hata kukaa mkekani kwa nusu saa huwa ni mtihani.

Ijumaa ya leo tumeona tulizungumze jambo hili la kuwashughulisha watoto safarini. Najua wapo watakaosema kwamba ni jambo dogo mno kwa ukurasa kama huu. Nami ningesema vivyo hivyo, laiti nisingekuwa nimeshuhudia kwa macho yangu baba anayeendesha gari akigeuza shingo yake yote kwenda nyuma ili amzabe kofi mwanawe aliyekuwa akilia, nasi tuko katika mwendo mkali na lori linatukabili. Mwenyezi Mungu alitunusuru. Tangu siku ile nimeamini kwamba mtoto aliyechoshwa na safari ni suala la uhai wa abiria wote, na wala si la raha yake peke yake.

Nianze na kosa langu mwenyewe. Miaka kadhaa iliyopita nilisafiri na wajukuu watatu kwenda harusini Dar es Salaam. Kwa kuwa nilitaka utulivu, nilikaa mbele na kuwakabidhi simu yenye katuni huko nyuma. Hakika walinyamaza. Tukapita Shinyanga, Tinde na Nzega bila ya mmoja wao kuinua kichwa, nami nikajisifu kimoyomoyo kuwa nimepata dawa. Tulipovuka mbuga ya Wembere na kuanza kuupanda mlima Sekenke kwa kona zake, mjukuu wa miaka 6 akasema, “Babu, tumbo.” Nikamjibu, “Vumilia, bado kidogo tunafika Singida.” Maneno hayo nilikuwa nimeshayasema mara nyingi tangu Nzega. Hakuvumilia. Alitapika juu ya nguo za harusi za dada yake, na yaliyobaki ya safari ile sina haja ya kuyasimulia.

Niliyajua baadaye yale ambayo ningepaswa kuyajua mapema. Kichefuchefu cha garini hutokana na mgongano wa habari ndani ya kichwa. Sikio la ndani, ambalo ndilo linalopima mwendo na mizani ya mwili, huuarifu ubongo kwamba tunakwenda, tunapanda, tunakata kona. Macho yaliyoinamia simu au kitabu huuarifu ubongo huohuo kwamba tumetulia tuli. Ubongo unapopokea habari mbili zinazopingana, tumbo ndilo linalolipa. Watoto wa kati ya miaka miwili na kumi na miwili ndio wanaoathirika zaidi. Tiba yake ya kwanza ni kuyainua macho na kuyapeleka mbali, kwenye upeo wa mbele, pamoja na hewa safi na chakula chepesi kisicho na mafuta mengi. Basi tazama, ndugu msomaji: kile nilichodhani ni dawa ya kelele ndicho kilichokuwa kikileta ugonjwa, na dawa halisi ilikuwa pale dirishani, bure.

Kwa hiyo michezo inayofaa zaidi garini ni ile inayomfanya mtoto atazame nje. Na hapa wazee wetu hawakutuacha mikono mitupu.

Kabla ya reli na lami, misafara ya Wanyamwezi na Wasukuma ilikwenda pwani kwa miguu. Kutoka Tabora hadi Bagamoyo watu walitembea yapata miezi mitatu wakiwa na mizigo mabegani, na katika baadhi ya misafara hiyo walikuwamo wake na watoto. Msafara haukwenda kimya. Mbele yake alitangulia kirangozi, aijuaye njia, na nyuma yake waliimba na kujibizana ili hatua zisiwe nzito. Utani baina ya Wanyamwezi na Wazaramo, ambao mpaka leo hutuchekesha misibani na harusini, ulistawi katika safari hizo. Watu wale walifahamu kwamba anayejua alipo na anakokwenda hachoki sawa na anayeburutwa tu.

Safari yangu ya pili na wajukuu walewale nililichukua jambo hilo na kulitia ndani ya gari. Usiku wa kabla ya kuondoka nilichora njia yote katika karatasi, mstari mmoja wenye vituo: Maswa, Mwigumbi, Shinyanga, Tinde, Nzega, Igunga, Shelui, Singida, Manyoni, Bahi, Dodoma, Kibaigwa, Gairo, Dumila, Morogoro, Chalinze, Kibaha. Kila mtoto akapewa zamu ya kuwa kirangozi. Kirangozi huishika karatasi, husoma vibao vya barabarani, hutangaza mji unaofuata na kuukata kwa kalamu tukishaupita. Asiyejua kusoma huketi na anayejua. Yule wa miaka 6 aliposhika zamu yake kutoka Tinde hadi Igunga alikaa wima kama mkuu wa msafara kweli, na lile swali la “tumefika?” likatoweka lenyewe, kwa sababu jibu alikuwa nalo mkononi.

Mwanazuoni mmoja rafiki yangu aliponisikia nikisimulia haya alinikumbusha Hadithi ya Abdullah bin Ja'far (radhi za Allah ziwe juu yake), iliyomo katika Sahihi Muslim. Mtume (s.a.w.) alikuwa akirejea safarini watoto wa nyumba yake hupelekwa kumlaki. Siku moja alimpandisha Abdullah mbele yake, kisha akaletwa mmoja wa wana wa Fatima naye akapandishwa nyuma, wakaingia Madina watatu juu ya mnyama mmoja. Aidha, ni juu ya kipando, akiwa amekaa nyuma yake, ndipo Ibn Abbas, akiwa bado kijana mdogo, alipofundishwa maneno ambayo Waislamu wanayahifadhi hadi leo. Sisi tunawaweka watoto nyuma ya gari ili wasitusumbue.

Narudi kwenye michezo. Mkuu wake ni kitendawili, na nasikitika kwamba watoto wengi wa mjini wanakijua kama somo la darasani tu. Kumbuka utaratibu wake. Mmoja huita, “Kitendawili!” Wengine huitikia, “Tega!” Wakishindwa, mtegaji hudai, “Nipe mji,” nao humpa mji, naye husimulia alivyokwenda katika mji huo na mambo aliyoyaona, ndipo atoe jibu. Je, upo mchezo unaoifaa safari kuliko huu? Sisi tuliongeza sharti moja tu: mji unaotolewa uwe ni ule ulio mbele yetu njiani, na mtegaji asimulie anavyodhani tutaukuta. Tukifika tunaangalia kama alisema kweli. Mjukuu mmoja aliposimulia kwamba Singida imejaa mawe makubwa kama nyumba na kwamba kuna ziwa karibu na mji, wenzake walimcheka. Tulipofika na kuyaona mawe yale, na ziwa Singidani likimetameta, aliyecheka akawa yeye.

Kisha tukawaambia watunge vitendawili vyao kwa yale wayaonayo nje. Hapo ndipo nilipojua kwamba vipaji tunavyo, ila tunavizima kwa kuwaambia wanyamaze. Mmoja alitega: “Mzee amelala barabarani, hata mkubwa akipita hupunguza mwendo.” Ni tuta. Dada yake akafuatia: “Ndugu wamesimama kando ya njia, hawasemezani, lakini kila mmoja anajua umbali wa mwenzake.” Hizo ni nguzo za kilomita. Dereva wetu, mtu mzima asiye na maneno mengi, naye akatega chake kuhusu askari wa barabarani, ambacho kwa adabu sitakiandika hapa.

Njia yenyewe imejaa mambo ya kusimulia, iwapo mzazi atajitayarisha kidogo. Si mbali na njia, katika wilaya ya Kishapu, upo mgodi wa Mwadui. Almasi yake iligunduliwa mwaka 1940 na John Williamson, na mwaka 1947 palipatikana almasi ya rangi ya waridi iliyotolewa zawadi ya harusi kwa binti mfalme wa Uingereza, Elizabeth. Sekenke, palepale tulipochafuliwa nguo, palikuwa na mgodi wa dhahabu tangu enzi za Wajerumani. Mwaka 1916, katikati ya vita, dhahabu yake ilipelekwa Tabora ikafuliwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo. Watoto waliposikia habari ya sarafu hizo walianza kuyakagua mawe ya Sekenke kwa macho ya wachimbaji, na mlima ukaisha bila ya mtu kulalamikia tumbo.

Baada ya Manyoni barabara huteremka katika Bonde la Ufa kuelekea Kintinku na Bahi, na mibuyu huanza kuonekana. Hapo ni mahali pa kuhesabu: upande wa kulia na upande wa kushoto, kila kundi na mibuyu yake, hadi Dodoma. Nawashauri mhesabu ile mikubwa tu, maana sisi tulitaka yote na tukaishia kwenye ugomvi.

Mchezo mwingine ni wa salamu. Kutoka kwetu hadi bahari tunapita katika nchi za Wasukuma, Wanyamwezi, Wanyiramba, Wanyaturu, Wagogo, Wakaguru, Waluguru, Wakwere na Wazaramo. Mtoto wa Maswa anayo “mwangaluka” yake ya asubuhi. Akifika Dodoma akamwambia muuza zabibu “mbukwenyi”, ataiona furaha usoni mwa mtu yule, na huenda akaongezewa kishada. Salamu nyingine tuliwaulizia wachuuzi wenyewe kila tulipopumzika.

Upo pia mchezo wa kutafuta kaskazini, ambao kwa familia inayoswali una faida ya ziada, kwani kibla chetu katika nchi hii ki upande huo: kwa aliyepo Dar es Salaam karibu kaskazini barabara, kwa aliyepo Maswa kikiegemea mashariki kidogo. Ukiondoka Maswa alfajiri, hadi Nzega unakwenda kusini na magharibi, kwa hiyo kaskazini kipo nyuma yako. Ukishika njia ya Igunga gari hugeukia mashariki na jua la asubuhi hukuhamia mbele, na kaskazini huhamia mkono wa kushoto. Kutoka Dodoma hadi Morogoro ni mchana wa jioni, jua lipo kisogoni, na kaskazini bado ni kushoto. Tuliposimama kuswali Adhuhuri na Alasiri kwa kukusanya na kupunguza, watoto ndio waliotuonyesha upande, kisha tukahakikisha kwa mihrabu ya msikiti. Walipatia kwa tofauti ndogo.

Ama kuhusu simu, sisemi itupwe. Nasema iwekewe saa yake. Sisi tuliiacha kwa ajili ya foleni ya kuingia Dar es Salaam, gari linapokwenda hatua kwa hatua, giza limeshaingia na hakuna cha kutazama nje. Kabla ya hapo, ikiwa ni lazima, itumike kwa masikio: hadithi, kaswida au kisomo kupitia spika za gari, ambavyo haviyashughulishi macho na vinasikilizwa na wote.

Kwa wanaosafiri na basi, ambao ndio wengi wetu, nafahamu kwamba hali ni ngumu zaidi. Basi halisimami kwa hiari yako, na ile video ya mbele mara nyingine huonyesha yasiyofaa kwa watoto. Tangu mwaka 2023 serikali iliporuhusu tena mabasi kusafiri usiku, wapo wazazi wanaochagua safari ya usiku ili watoto walale. Kwa mtoto mdogo sana huenda ikafaa, ingawa mimi napenda mchana, kwani njia inaonekana. Ukiwa na uwezo, mkatie mtoto mkubwa kiti chake, tena cha dirishani na karibu na mbele, ambako mtikisiko ni mdogo. Mpeleke akajisaidie kabla ya kuondoka hata kama amesema hataki, na mkimsikia kondakta akitangaza kuchimba dawa msimwache amelala. Mkamate mkono akishuka. Vichaka vya pembeni ya barabara kuu si mahali pa mtoto kwenda peke yake. Vitendawili na salamu vinafaa kwenye basi kwa sauti ya chini, na mara nyingi jirani wa kiti cha mbele hugeuka na kutega chake.

Wenye magari binafsi wasimame kila baada ya saa mbili au karibu na hapo, na wawaache watoto wakimbie mahali penye usalama, mbali na barabara. Ua wa msikiti unafaa sana, mradi waelezwe adabu zake. Na hapa naomba msomaji anisikilize kwa makini: msimwache mtoto ndani ya gari lililofungwa wakati watu wazima wanakula. Gari lililoegeshwa juani linaweza kuongezeka joto kwa yapata nyuzi 10 ndani ya dakika 10 tu, na mwili wa mtoto hupata moto haraka kuliko wetu. Kadhalika, mtoto asipakatwe kiti cha mbele. Gari likigonga, mikono ya mama haiwezi kumzuia, hata awe na mapenzi ya namna gani. Akae nyuma, afungwe mkanda, na mchanga awe katika kiti chake maalumu kwa aliyejaaliwa kukipata. Msidanganyike kwamba michezo inahitaji mtoto asimame katikati ya viti. Yote niliyoyataja huchezwa mtu akiwa amefungwa mkanda.

Chakula nacho ni burudani. Sisi watu wa Usukuma tunayo matobolwa na michembe, ambavyo mtoto mkubwa anaweza kuvitafuna kutoka Shinyanga hadi Igunga. Vinashinda biskuti zenye sukari nyingi, ambazo humtia kiu. Lakini walio chini ya miaka mitano wasipewe karanga wala kitu kigumu gari likiwa linakwenda, wasije wakapaliwa. Wao wapeni ndizi. Maji yawe mengi, kwa funda ndogondogo.

Limebaki jambo moja ambalo kwangu ni zito kuliko yote. Katika safari ile ya kwanza nilimwambia mtoto “bado kidogo” nikijua fika kwamba bado sana. Mama yake naye aliwaahidi kuku wa Singida iwapo wangenyamaza, na tulipofika Singida tukapita moja kwa moja kwa kuwa tumechelewa. Ipo Hadithi katika Sunan Abi Dawud ya mama mmoja aliyemwita mwanawe kwa kumwahidi kitu. Mtume (s.a.w.) akamuuliza alikusudia kumpa nini, naye akajibu kuwa ni tende. Akaambiwa kwamba lau asingempa chochote, angeandikiwa uongo. Barabara ndefu ndipo mahali ambapo wazazi tunadanganya mara nyingi zaidi kwa siku moja kuliko mahali pengine popote, na wasikilizaji wetu hawana pa kwenda, wamefungwa mikanda wakitusikiliza. Ukiulizwa tumefika wapi, sema ukweli: zimebaki kilomita mia mbili na arobaini hadi Dodoma, ni saa tatu au nne hivi, tutasimama mara moja. Mtoto atanuna. Lakini mara nyingine ukimwambia “karibu”, atakuamini.

Katika safari ya pili tulisimama Singida na kuku wakaliwa. Tukiwa njiani kurudi, wiki mbili baadaye, nilichoka nikasinzia tulipoondoka Dodoma. Nilizinduka nikauliza tupo wapi, na dereva akasema tunakaribia Manyoni. Sauti ndogo kutoka nyuma ikamsahihisha: “Hapana, bado, Babu. Hatujapanda Bonde la Ufa.” Nikatazama nje. Kweli, mibuyu ilikuwa bado imesimama kulia na kushoto, na yule wa miaka 6, ambaye sasa alikuwa ametimiza 7, alikuwa na karatasi yangu magotini, ameigeuza juu chini ili isomeke kuanzia baharini.

Wabillahi tawfiq.